Gari la Umeme Litalala Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Barua zinazofika kwenye safu hii zimebadilika. Zamani wasomaji waliuliza kuhusu nozo, pampu za dizeli, moshi mweusi unaotoka gari linapopanda kilima cha Bugando, na injini zinazokataa kuwaka asubuhi. Sasa wengi wanauliza kuhusu umeme. Nimechagua barua nane, nimezifupisha bila kuzipotosha, na nimezijibu kwa kirefu au kwa kifupi kadiri jambo lenyewe linavyotaka. Mtu yeyote anayefika kwenye karakana yangu kuniomba ushauri wa gari la umeme huwa namuuliza kwanza gari hilo litalala wapi usiku, kabla hajanitajia bei wala aina. Wasomaji wataona kwamba karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye swali hilo.

Ninaishi Pasiansi na nina duka mjini. Ninaendesha Prado ya dizeli inayokula takribani lita 12 kwa kilometa 100, na kwa mwezi natembea kama kilometa 1,000. Rafiki zangu wananiambia kwamba gari la umeme lingepunguza gharama yangu hadi robo. Je, ni kweli, au ni maneno ya wauzaji?
*Mfanyabiashara, Pasiansi*

Kwa upande wa nishati peke yake, rafiki zako wako karibu na ukweli, lakini hebu tufanye hesabu pamoja ili usiwe unaamini tu. Kilometa 1,000 kwa Prado yako ni lita 120. Tukiweka lita moja kuwa shilingi 2,800 kwa ajili ya hesabu (bei halisi ya mwezi utaiona kwenye tangazo la EWURA), unatumia shilingi 336,000. Gari la umeme lenye ukubwa unaokaribiana na huo hutumia kama uniti 22 kwa kilometa 100, na ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji unafika uniti 25. Kwa hiyo kilometa 1,000 zinahitaji uniti 250. Bei ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na ukiziongeza inakuwa takribani shilingi 356, jambo ambalo linakupa shilingi 89,000 kwa mwezi. Gari dogo lingetumia uniti 180 tu, yaani kama shilingi 64,000.

Tofauti hii ina sababu iliyo wazi. Lita moja ya dizeli ina nishati inayolingana na uniti 10 hivi za umeme, kwa hiyo kwa kila kilometa 100 Prado yako inachoma nishati ya uniti 120 kufanya kazi ambayo gari la umeme linaifanya kwa uniti 25. Sehemu kubwa ya dizeli unayoilipia inageuka joto, nawe unaweza kulihisi ukiweka kiganja juu ya boneti baada ya foleni ya mjini.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kama mita yako ya LUKU iko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, uniti 75 za kwanza za mwezi unazipata kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Uniti 75 zinatosha gari dogo kwa kilometa 400 hivi, bila taa wala friji ya nyumbani. Ukianza kuchaji gari utatoka kwenye kundi hilo na kuhamia kwenye bei ya kawaida, na umeme wote wa nyumba utapanda pamoja na gari. Liingize hilo kwenye hesabu yako mapema, usije ukamlaumu mtu baadaye.

Kumbuka pia kwamba hesabu hii ni ya mtu anayechaji nyumbani kwake. Ukitegemea kituo cha kulipia, mwenye kituo naye lazima arudishe gharama ya mashine yake, na ile robo itageuka nusu au zaidi. Ikiwa nyumba yako ya Pasiansi ina uzio na gari linalala ndani, wewe ni miongoni mwa watu wachache ambao ningewaambia bila wasiwasi waanze kutafuta.

Shemeji yangu alikuja na gari la umeme, tukalichaji kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni. Baada ya saa tatu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, na soketi ilikuwa imebadilika rangi. Je, chaja yake ni mbovu?
*Mama wa watoto wawili, Buhongwa*

Dada yangu, namshukuru Mungu kwamba mlikuwa macho. Chaja huenda ni nzima kabisa, na tatizo likawa ndani ya ukuta wenu. Naomba nilieleze jambo hili kwa urefu, kwa kuwa ndilo ninaloliogopa kuliko mengine yote katika safari hii ya kuhamia umeme.

Chaja ndogo inayokuja na gari kwa kawaida huvuta ampea 10, sawa na wati 2,300. Birika la umeme huvuta kiasi hicho au zaidi, lakini linafanya kazi dakika nne kisha linazima. Pasi nayo inajiwasha na kujizima yenyewe kila inapopata moto. Gari halipumziki. Linavuta ampea hizo 10 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na udhaifu wowote uliojificha kwenye waya, kwenye skrubu au kwenye ekstensheni unapata usiku mzima wa kupata moto. Ekstensheni iliyokunjwa kwenye rundo ni mbaya zaidi, kwa sababu joto lake halina pa kutokea.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Nyasaka kwa tatizo kama lenu. Nilipofungua soketi nilikuta plastiki kuzunguka tundu la waya wa moto imekuwa ya kahawia iliyokolea kama ukoko wa ugali, na shaba ya waya imepoteza mng'ao wake kwa urefu wa kidole. Skrubu ya kubana waya ilikuwa imelegea nusu mzunguko tu. Waya wenyewe ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, ambao ni wa kuwashia taa, wakati soketi inastahili waya wa 2.5. Fundi aliyejenga nyumba ile alijiokolea shilingi chache, na familia ikalala miezi kadhaa ikiwa na kaa la moto ndani ya ukuta.

Lipo jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya kabla gari halijafika. Chukua jiko la umeme la koili la wati 2,000, lichomeke moja kwa moja kwenye soketi unayokusudia kuitumia, bandika sufuria ya maharage na uyachemshe kwa saa mbili bila kuzima, ukiwa upo hapo muda wote. Kisha zima kwenye swichi, chomoa, na ushike plagi. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, soketi hiyo haifai kuchajia gari hata usiku mmoja.

Suluhisho la kudumu ni gari kupewa njia yake yenyewe. Fundi avute waya wa milimita 6 kutoka kwenye boksi kuu, aweke braka ya ampea 32, aongeze kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, na mwishoni afunge chaja ya ukutani ya kilowati 7. Kabla ya hapo mwambie ahesabu mzigo wote wa nyumba, ikiwemo hita ya maji, jiko na pampu, na awaulize TANESCO kama waya unaotoka kwenye nguzo unaubeba. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo.

Sisi wa Mwanza tuna mtihani wetu wa ziada, nao ni ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Mji huu umekaa juu ya mawe. Mafundi wengi wakipigilia fimbo ya ethi ikagonga mwamba baada ya hatua moja, wanaikata kipande kilichobaki juu, wanafukia, na kazi imekwisha. Fimbo fupi kwenye udongo mkavu kati ya miamba haitulizi umeme ipasavyo, na chaja nyingi za magari hukataa kufanya kazi zikigundua ethi ni dhaifu. Watu huiita chaja mbovu wakati chaja ndiyo iliyosema kweli. Pale ambapo mwamba uko juu, fimbo kadhaa ziunganishwe pamoja, au utepe wa shaba ulazwe kwenye mtaro mahali penye udongo unaotunza unyevu, kisha ipimwe kwa kifaa. Usikubali kupimiwa kwa macho.

Nimeona Nissan Leaf ya mwaka 2013 kutoka Japani kwa bei ninayoimudu kwa mshahara wa ualimu. Je, ninunue?
*Mwalimu, Nyegezi*

Mwalimu, gari hilo linaweza kukufaa sana au likakufilisi, na tofauti iko kwenye ukingo wa kulia wa dashibodi. Huko kuna vipande vidogo 12 vilivyopangwa kwa kupanda, vikionyesha afya ya betri, na havihusiani na kiasi cha chaji kilichomo. Kipande cha kwanza kinapotoweka, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Leaf za miaka hiyo zilitoka na betri ya uniti 24. Ikibaki na vipande 9, una uniti 16 au 17 za kutumia, yaani kilometa 100 kwa mwendo wa utulivu, na hakuna fundi wa kukuongezea kwa kusafisha kitu.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengine mengi ya umeme, ndiyo maana joto huizeesha haraka. Hewa ya Mwanza ni ya wastani, lakini hujui gari lilikokaa miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo mtake muuzaji akutumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, vipande vyote vikionekana, na tarehe ya picha iwe ya karibuni. Akikwepa, achana naye. Angalia pia tundu la kuchajia: Leaf za Japani za wakati huo zina tundu la umeme wa kawaida la aina ambayo si ile ya Ulaya, na lile la kuchaji kwa haraka la CHAdeMO, wakati magari mapya ya Ulaya yanatumia CCS2 na ya Wachina mengi yanatumia GB/T. Nyumbani hilo halikusumbui, kwa sababu unakuja na waya wako, ila usitarajie kila kituo utakachokikuta kikuingie.

Kabla ya kulipa, ingiza gari kwenye kikokotoo cha TRA, kwa kuwa gari lililovuka miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na Leaf ya 2013 imevuka mbali. Kwa Nyegezi hadi shuleni na kurudi, ikiwa ina vipande 10 au zaidi na unalo pa kuilaza, ningeinunua. Kwa kwenda kijijini kuwaona wazee kila mwisho wa mwezi, ningetafuta toleo lililoanza mwaka 2017 lenye betri ya uniti 40, hata kama ni kusubiri mwaka mmoja zaidi.

Kazi yangu inanipeleka Sengerema na Geita kila wiki, na mara moja moja Shinyanga na Musoma. Tangu daraja lifunguliwe safari imekuwa fupi. Je, gari la umeme litanifikisha?
*Afisa wa miradi, Misungwi*

Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limebadilisha hesabu yetu kweli, kwa sababu kilometa zile tatu za maji tulizokuwa tukizisubiria pantoni sasa ni dakika chache. Lakini gari la umeme halijali muda wa kusubiri. Linajali kilometa na mwendo. Geita kutoka Mwanza ni takribani kilometa 120, Shinyanga 165, na Musoma kama 220. Gari lenye betri ya uniti 40 iliyo nzima litafanya kilometa 220 hadi 240 kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na pungufu ya hapo ukikimbiza 110, kwa maana upepo hula betri kuliko mzigo.

Sengerema utaenda na kurudi bila wasiwasi. Geita kwenda na kurudi ni mwisho kabisa wa uwezo wa betri hiyo, nami sipendi safari za kukaza moyo. Shinyanga na Musoma utafika, lakini lazima ulale na uchaji huko. Tafuta nyumba ya wageni yenye maegesho ya ndani, zungumza na mwenyeji mapema, lipia uniti utakazotumia, na uifanyie soketi yake uangalifu uleule niliomweleza dada wa Buhongwa. Saa 10 za usiku kwa ampea 10 zitakupa uniti 23, yaani kilometa 130 hivi, kwa hiyo kurudi kutoka Musoma utahitaji zaidi ya usiku mmoja.

Kuhusu vituo vya kuchaji kwa haraka, nina kanuni moja ninayoifuata mwenyewe: usihesabu kituo ambacho hujakiona kwa macho yako kikichaji gari. Kituo cha kilowati 50 kinaweza kuitoa betri ya uniti 40 kwenye asilimia 20 hadi 80 kwa muda usiofika saa moja, na baada ya 80 kasi hupungua sana, hivyo si busara kukaa pale ukisubiri ijae. Ila kwa sasa panga safari zako kana kwamba hakuna kituo njiani, na ukikikuta kiwe ni neema. Kwa mtu mwenye ratiba kama yako, gari lenye betri ya uniti 60 ndilo la kuangalia. Chini ya hapo, baki na dizeli yako kwanza.

Je, ni salama kuchaji gari wakati wa mvua? Hapa kwetu mvua ya usiku huja na radi nyingi.
*Msomaji, Bwiru*

Mvua peke yake haina shida, kwa sababu umeme haupiti kwenye waya mpaka chaja na gari viwe vimeshikana na kuhakikishiana usalama. Radi ndiyo ya kuiogopa. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, hasa usiku, na radi ikipiga nguzo ya jirani inaweza kuunguza vifaa vya ndani ya chaja na vya gari. Ukisikia inakaribia, zima chaja na uchomoe kabla haijafika, kisha uendelee ikipita. Anayefunga chaja ya ukutani aweke pia kifaa cha kuzuia msukumo wa radi kwenye boksi kuu.

Shikamoo fundi. Mimi nina miaka 24, najifunza injini za dizeli kwenye gereji Igogo. Watu wananiambia nimechagua kazi inayokufa. Je, niache?
*Kijana wa gereji, Igogo*

Marahaba, mwanangu. Usiache, ila usijifunze dizeli peke yake.

Malori yanayokwenda Rusumo na Mutukula yatachoma dizeli kwa miaka mingi bado, na mtu anayejua kusikiliza nozo kwa sikio hatakosa chakula. Lakini ni kweli kwamba gari la umeme halina oili ya injini, filta ya dizeli, gasketi ya kichwa, ekzosi wala klachi, na hizo ndizo kazi zinazolipa kodi ya gereji nyingi za Igogo. Yanayobaki ni mengi vilevile. Bushi, shokapu, boljointi, bearingi, usukani na kiyoyozi viko palepale. Matairi huisha haraka zaidi, kwa sababu magari haya ni mazito na yanavuta kwa nguvu tangu mguu unapogusa pedeli. Pedi za breki hudumu sana, kwa kuwa mota yenyewe hulishika gari na kurudisha umeme kwenye betri linapopunguza mwendo. Hapa kwenye vilima vyetu utaona jambo la kupendeza: mteja anayeishi juu kabisa na kujaza betri hadi asilimia 100 atakulalamikia kwamba asubuhi gari halishikiki linapoteremka. Mwambie aishie 90, ili umeme wa mteremko upate mahali pa kuingia. Na mteja atakayekuja akilia kwamba gari la mamilioni halitaki kuwaka, mara nyingi shida itakuwa betri ndogo ya volti 12, ileile unayoijua.

Sasa nisikilize kwa makini. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari hilo zina volti 400 hivi za umeme wa betri, na umeme huo hauachii mkono ulioukamata. Usiguse chochote kinachoungana na nyaya hizo mpaka umechomoa kikata umeme cha betri kuu, umesubiri dakika zisizopungua 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, na umepima kwa mita kwamba ni sifuri. Glavu ziwe za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000, na uzipulize kila asubuhi kuona kama zina tundu. Jiandikishe kozi ya umeme wa magari jioni, hata kama itakuchukua miaka miwili. Karakana za Mwanza zinazoweza kufungua betri ya gari na kubadilisha seli moja iliyokufa zitahitajika mapema kuliko watu wanavyodhani, na ningefurahi kumwona mmoja wa wenye karakana hizo akiwa ametoka Igogo.

Nina Canter mbili za dizeli. Moja inabeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba kwenda Dar es Salaam, nyingine inazungusha barafu na mizigo hapa mjini. Kwa nini dunia inaikimbia dizeli iliyotulea, na mimi nifanye nini?
*Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba*

Mama, dizeli haijadharauliwa bila sababu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Septemba 2015 ikafichuka nchini Marekani kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari yake programu ya kupunguza moshi wakati wa vipimo tu, na imani ya wanunuzi wa Ulaya ikaporomoka. Mwaka 2024 karibu magari 89 kati ya kila 100 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme. Karibu nasi, Ethiopia ilitangaza mwaka huohuo kufunga mlango kwa magari yasiyo ya umeme, na Kigali tangu Januari 2025 haisajili pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli. Sisi tunaonunua mitumba tutaipata dunia ile inayoacha kuitumia, tupende tusipende.

Hata hivyo, Canter ya Dar es Salaam iache ilivyo. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya uniti 12 hivi, ilhali kilo moja ya betri ya gari hubeba kama 0.15 ya uniti. Hata ukizingatia kwamba mota haipotezi nishati kama injini, kwa safari ya zaidi ya kilometa 1,000 ungebeba betri mahali pa dagaa.

Ile ya mjini ni habari nyingine kabisa. Inazunguka kilometa chache, inasimama kila mara, inarudi palepale jioni, na inalala mahali penye umeme wa fezi tatu kwa sababu ya mashine za barafu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Kama lori dogo la umeme bado ni ghali kwako, anza na toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) ya umeme kwa mizigo ya kilo 500 na chini, upime kwa miezi sita. Mwaloni mmeshayafanya mabadiliko kama haya. Wavuvi wa dagaa walivyotoka kwenye karabai za mafuta ya taa kwenda kwenye taa za betri, hakuna aliyesubiri boti zote ziwe tayari. Aliyeona jirani yake hanunui tena mafuta ya taa, naye alibadilisha yake.

Nimepanga chumba Mabatini, juu mlimani, gari haliwezi kufika mlangoni. Ninaegesha Starlet yangu barabarani kwa mlinzi. Nimevutiwa sana na gari la umeme. Utanishauri nini?
*Mpangaji, Mabatini*

Ndugu yangu, kwa gari, nakushauri usinunue sasa. Nasema hivi kwa moyo mzito, kwa maana watu wengi wa mji huu wanaishi kama wewe, na mpango wowote wa usafiri wa umeme unaowasahau watu wa Mabatini na Igogo ni mpango wa watu wachache wenye uzio. Usivute waya kutoka chumbani kwako hadi barabarani, kwa sababu watoto watapita juu yake, na mvua itaupitia.

Ukweli ni kwamba umeme upo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla, na tofauti na miaka ile ya mitambo ya mafuta mazito ya Nyakato, leo tatizo si uzalishaji wa umeme. Kinachokosekana ni tundu la kuchajia mahali unapolaza gari. Mlinzi anayelinda magari 15 kila usiku tayari ana biashara nusu. Akishirikiana na mwenye kiwanja kuomba mita moja, kufunga chaja mbili za kilowati 7 na kuuza uniti kwa faida ndogo, angekuhudumia wewe na majirani zako huku mkiwa mmelala. Kaa naye, mweleze, mwonyeshe hesabu iliyo kwenye jibu la kwanza hapo juu.

Wakati mnazungumza, angalia pikipiki ya umeme yenye betri inayotoka. Utaipandisha betri hiyo mlimani kwa mkono jioni kama unavyopandisha ndoo ya maji, uichaji chumbani kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, na asubuhi ushuke nayo.